Sindano Haikuwa na Dawa, Mbona Msuli Uliruka?

Kwako Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, umri wangu ni miaka 43, na kwa miaka 19 riziki yangu imetokana na kuinamia kitambaa. Tangu mwaka jana bega langu la kulia linaniuma, hasa ile miezi ya kushona sare za shule, na maumivu hayo hupanda shingoni, yakapita nyuma ya sikio, yakaishia kwenye panja la upande huohuo, mpaka siku nyingine nashindwa hata kutunga uzi. Nimemeza dawa za maumivu, nimekandwa kwa mafuta ya nazi, nimepigwa hijama mara mbili. Nafuu huja ikaondoka.

Wiki iliyopita jirani alinipeleka kwenye kliniki moja inayotoa huduma ya fiziotherapia. Kijana aliyenihudumia, mwenye adabu zake, alinilaza kifudifudi, akaubana msuli wa juu ya bega kwa kidole gumba na vidole viwili kama mtu anayepima unene wa kitambaa, akautembeza mpaka akafika mahali nilipopiga ukelele. Akasema hapo ndipo penye fundo, na kwamba atalichoma kwa sindano kavu, yaani sindano isiyo na dawa. Nilikubali kabla sijaelewa vizuri nilichokuwa nakubali.

Mchomo wa kwanza sikuusikia sana. Kisha akaisukuma sindano ndani, akawa anaipandisha na kuishusha taratibu, na ghafla msuli ukaruka wenyewe, ukajikunja kama kitambaa kinavyojikusanya uzi ukivutwa, bila mimi kuuamuru. Papo hapo nikasikia yale yale maumivu ya kichwa yakinijia panjani, ingawa sindano ilikuwa begani. Ukaruka tena mara ya pili na ya tatu. Jasho jembamba likanitoka, macho yakaanza kuingia giza, naye akaichomoa haraka, akanigeuza na kuninyanyua miguu mpaka nikarudiwa na fahamu sawasawa. Nilikuwa sijala kitu tangu asubuhi.

Usiku ule na kesho yake bega lilikuwa kama limetwangwa kwa mchi. Sikuweza kuinua mkono kujifunga kilemba. Pakatokea alama ya rangi ya zambarau, ukubwa wa kifungo cha koti. Siku ya tatu maumivu yalipungua, na kwa siku nne nzima kichwa hakikuniuma hata kidogo, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho. Sasa maumivu yameanza kurudi, ila si kwa kiasi kile.

Mume wangu anasema nimechanjwa chale za kisasa na nisirudi tena. Dada yangu mkubwa aliyeko Mombasa anasema nivumilie, kwani tiba isiyouma haiponyi. Kijana wa kliniki ananitaka nirudi, tena nilipie mara kumi kwa mkupuo mmoja. Jambo jingine, mimi humeza aspirini ndogo kila siku pamoja na dawa ya presha, kwa maagizo ya daktari, wala sikumwambia kwa sababu hakuniuliza. Je, yale niliyoyahisi ni ya kawaida, au niliumizwa? Nirudi?

Mwenye Bega Zito, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali la kuumizwa, kwa sababu nadhani ndilo linalokukosesha usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, mchomo mwepesi, msuli kuruka, maumivu kukimbilia panjani, kizunguzungu, bega kuuma siku mbili na ile alama ya kifungo ni mambo ambayo wagonjwa wa sindano kavu huyasimulia mara kwa mara, na sioni humo dalili ya msuli uliochanika. Kosa ninaloliona limo katika yale ambayo hukuambiwa wala kuulizwa kabla ya pakiti ya sindano kufunguliwa.

Wewe ni mtu wa sindano, kwa hiyo vipimo hivi utavielewa haraka kuliko wasomaji wengine. Sindano ya cherehani namba 14 ina unene wa milimita 0.9, na sitashangaa ikiwa imeshawahi kukupitia kidoleni. Sindano ya kudungia dawa msulini kwa kawaida hufikia nusu milimita au zaidi, ina tundu katikati, na ncha yake imekatwa mshazari ili ipasue ngozi. Sindano kavu mara nyingi huwa kati ya milimita 0.2 na 0.3, haina tundu, na ncha yake imechongoka tu, hivyo husukuma nyama pembeni ikapita. Huegeshwa ndani ya kimrija cha plastiki juu ya ngozi, kisha mtaalamu akaigonga kichwani kwa kidole, na wagonjwa wengi hukisikia kile kimrija kikiwagandamiza kuliko wanavyousikia mchomo. Ndiyo maana uliona mwanzo si kitu. Shughuli yote iko chini, kwenye msuli.

Sisi watu wa pwani kila kinachokaza mwilini tunakiita mshipa: mshipa umepanda, mshipa umejikunja, mshipa umekamata. Katika tiba hii tofauti ni muhimu, kwa sababu kilichoruka kwako ni msuli, na mshipa wa fahamu ukiguswa hisia yake ni nyingine kabisa. Ndani ya msuli uliochoka huweza kupatikana uzi mgumu, unaohisika chini ya kidole kama pindo lililoshonwa mara mbili, na katika uzi huo pana mahali panapouma kuliko kwingine. Sindano ikipagusa, nyuzi za pale hujikaza mara moja na kuachia. Wataalamu wanaueleza mruko huo kuwa ni itikio la haraka linalopitia uti wa mgongo, kwa hiyo huwezi kuuzuia kwa kujikaza wala kwa kujikaza kuuleta. Mimi mwenyewe nilichomwa kwenye nyonga miaka michache iliyopita, baada ya kuwafanyia wengine kazi hiyo kwa muda mrefu, na nakiri kwamba nilishtuka: ulikuwa mkazo wa ghafla kama wa mguu unaokamatwa usiku, wa nusu sekunde tu, kisha ukafuatiwa na uzito fulani wa ndani, kama jino linaloanza kuuma, ila liko nyongani. Uzito huo ulidumu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kuna wanaosikia joto, kuna wanaosikia ganzi kidogo, na kuna wanaocheka bila kujua kwa nini.

Ikiwa utarudi, hisia moja usiinyamazie hata kidogo. Ukisikia kitu kikali kama shoti ya umeme kinachokimbia mkononi hadi vidoleni, sema hapohapo, maana yaelekea sindano imeukaribia mshipa wa fahamu, na mtaalamu anatakiwa aichomoe au abadili mwelekeo.

Maumivu ya panjani yasikutie wasiwasi kwamba sindano ilifika kichwani. Daktari Janet Travell wa Marekani, yule aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, alitumia miaka mingi kuchora ramani za maumivu yanayotokea mbali na msuli unaoyasababisha, na kwa msuli huo wako wa juu ya bega njia aliyoichora ni hiyohiyo uliyoiandika katika barua yako: kando ya shingo, nyuma ya sikio, panjani. Mgonjwa akisema wakati wa kuchomwa kwamba yale ndiyo maumivu yake hasa, mtaalamu hupata ishara nzuri kwamba ameugusa msuli unaohusika. Kijana wako angekueleza hilo mapema, ungelala pale ukisubiri na usingeogopa.

Travell alikuwa akidunga dawa ya ganzi kwenye mafundo hayo. Mwaka 1979 Karel Lewit, daktari wa Czechoslovakia, alichapisha taarifa ya wagonjwa 241 aliowachoma bila dawa yoyote katika sehemu 312 za maumivu, na akaripoti kwamba karibu asilimia 87 ya sehemu hizo zilipata nafuu papo hapo, ingawa hakuwa na kundi jingine la kulinganishia. Jina la sindano kavu linatokana na hapo: kinachoingia ni chuma peke yake. Lewit aliona pia kwamba nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale sindano ilipoamsha maumivu makali na kufika hasa mahali penyewe, na nadhani ndipo maneno ya dada yako yanapopata mizizi. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kuwa lazima msuli uruke ndipo mtu apone, na kwamba kuuchokoa mara nyingi zaidi huongeza maumivu ya kesho yake. Mruko mmoja au miwili ingekutosha siku ile ya kwanza. Una haki ya kusema basi, na sindano hutoka kwa sekunde moja.

Kuhusu kutaka kuzimia, sababu yake ni ya kawaida. Woga na maumivu ya ghafla huweza kuuamsha mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo, mishipa ya damu ikatanuka, presha ikashuka, na ubongo ukapungukiwa na damu kwa muda mfupi. Tumbo tupu huzidisha mambo. Kijana alifanya vema kuitoa sindano na kukunyanyua miguu, na alifanya vema tangu mwanzo kukulaza, kwa sababu ninawajua wanaowachoma wagonjwa wakiwa wameketi kwenye stuli. Siku nyingine kula kitu saa moja au mbili kabla, unywe maji, na ukimaliza usiinuke upesi kukimbilia bodaboda.

Bega kuwa kama limetwangwa ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote. Hali hiyo huwa kali zaidi katika siku ya kwanza, na kwa kawaida huisha ndani ya saa 72. Kitambaa cha uvuguvugu, kuuzungusha mkono polepole mara kadhaa kwa siku, na kuepuka ndoo nzito husaidia kuliko kulala tu na kuliacha bega likakamae. Ile alama nayo inatokana na kishipa kidogo cha damu kilichopitiwa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, wataalamu wa fiziotherapia waliandika kilichotokea katika matibabu 20,464, na madhara madogo yalijitokeza katika asilimia 36.7 ya matibabu hayo, mengi yakiwa ni kutoka damu kidogo, kuvilia damu na maumivu wakati wa kuchomwa. Madhara makubwa yalikuwa 20. Kwa hiyo aliyekwambia kwamba sindano hizi hazina lolote hakukuambia kweli, na anayekutisha kwamba ni hatari kubwa naye anatia chumvi.

Hapa inaingia aspirini yako. Mtu anayemeza aspirini ndogo huvilia damu kwa urahisi zaidi, na yawezekana kifungo chako cha zambarau kingekuwa kidogo zaidi bila dawa hiyo. Usiiache kwa sababu ya sindano. Daktari aliyekuandikia alikuwa na sababu, na ni yeye peke yake wa kuibadilisha. Unachotakiwa ni kumwambia mfiziotherapia, ili achague sehemu chache na abonyeze kwa pamba kwa muda mrefu zaidi baada ya kuchomoa. Alipaswa kuuliza, na halikuwa jukumu lako kubahatisha. Alipaswa pia kuuliza kama una ujauzito, kisukari, moyo uliopandikizwa kifaa au vali, au mzio wa madini ya nikeli, na kama umewahi kuzimia kwa kuona sindano. Maswali hayo huchukua dakika tatu.

Lipo jambo moja ambalo nakuandikia kwa mkazo, japokuwa hutokea kwa nadra. Ncha ya juu ya pafu iko karibu sana na msuli wa begani kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo sababu mtaalamu aliyefunzwa huubana msuli huo na kuuinua mbali na mbavu, kisha akaielekeza sindano kuelekea kidole chake mwenyewe, kama ulivyoona kijana akiubana kwa vidole, na jambo hilo limenipa imani naye kidogo. Sindano ikilifikia pafu, hewa huweza kuvuja ikalibana. Baada ya kuchomwa begani, shingoni au mgongoni ukipata pumzi fupi, kikohozi kikavu au maumivu ya kifua yanayozidi unapovuta pumzi, hata kama ni saa kadhaa baadaye ukiwa nyumbani, nenda hospitali yenye eksirei siku hiyohiyo na useme wazi kwamba ulichomwa sindano. Homa, au mahali palipochomwa panapozidi kuvimba na kuwa pa moto badala ya kupoa, nako si kwa kusubiri. Kwa kuwa hukutaja hata moja ya dalili hizi na wiki imepita, sina hofu nawe.

Mume wako namwelewa. Kwa anayetazama kwa mbali, chuma kinachoingia mwilini bila dawa kinafanana na chale. Mwambie kwamba hapa hakuna kinachokatwa wala kinachopakwa, na damu haikusudiwi kutoka, tofauti na hijama uliyoizoea. Mwambie pia si akupancha ya Wachina, ingawa sindano zinafanana: akupancha hufuata njia na vituo vya elimu yao ya kale, ilhali huyu anaitafuta sehemu ngumu inayouma ndani ya msuli. Akitaka, aende nawe. Aangalie mambo mawili kwa macho yake: pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yenu, na baada ya matumizi sindano itumbukizwe kwenye lile kasha la manjano la vitu vyenye ncha kali.

Urudi? Siku nne bila kichwa kuuma ni habari njema, nami sitakuzuia, lakini nisingependa uitegemee sindano kuliko inavyostahili. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa vizuri zaidi kuliko kutofanya lolote, na kwamba kwa muda mrefu haizipiti tiba nyingine za fiziotherapia; hata hayo mafundo yenyewe, wataalamu bado wanabishana ni kitu gani hasa. Ile nafuu ya siku nne ndiyo nafasi ya kulifanyisha bega kazi likiwa halilalamiki: kuinua chupa ya maji ya lita moja na nusu kando ya mwili mpaka usawa wa bega, mara kumi, ukapumzika, ukarudia, kuinua mabega kuelekea masikioni na kuyashusha polepole, kusimama kila nusu saa hata kama sare za watu zinakungoja. Tazama na kiti chako. Mafundi wengi niliowatembelea hukalia stuli iliyo fupi mno kwa meza ya cherehani, bega la kulia likapanda siku nzima kana kwamba linamjibu mtu asiyejua. Mto mmoja mgumu chini yako unaweza kulishusha.

Utakapofika kliniki, mwambie kijana maneno haya kabla hujalala kitandani: kwamba unameza aspirini, kwamba ulitaka kuzimia, kwamba leo unataka sehemu moja tu, na kwamba ukinyoosha kidole aache. Mwombe akupimie umbali unaoweza kuinua mkono na kugeuza shingo kabla na baada, ayaandike. Za mara kumi usilipe. Lipia ya leo, ukienda tena lipia ya siku hiyo, na ikiwa baada ya mara ya tatu vipimo vile havijasogea na panja bado linagonga, mwambie aiweke sindano kando akufundishe mazoezi kwa mikono yake. Akikataa kukuhudumia kwa sababu hukununua zote kumi, tafuta mwingine.

Mama Mshauri